Kumfundisha mwanafunzi kuhoji anachokisoma: mwongozo wa mwalimu kwa habari, makala na vitabu vya kiada

Andika sentensi hii ubaoni mbele ya kidato cha pili: "Masopu mawili yaliguzuma kando ya chendu kwa sababu fijo lilikuwa limepanjika." Kisha uliza maswali matatu. Masopu mangapi yaliguzuma? Yaliguzuma wapi? Kwa nini yaliguzuma? Mikono itanyooshwa darasa zima, na majibu yote yatakuwa sahihi. Sasa uliza la nne: sopu ni nini?

Hakuna anayejua, kwa sababu sentensi yote ni ya kubuni. Sarufi peke yake imewapa alama tatu kwa tatu. Na hivyo ndivyo maswali mengi ya ufahamu yanavyojibiwa shuleni: mwanafunzi analitafuta neno la swali ndani ya kifungu, ananakili sentensi iliyo jirani nalo, anapata vema. Akimaliza kidato cha nne anaweza kuwa na alama nzuri za ufahamu na bado akashindwa kueleza habari ya gazeti inadai nini, imejuaje, na imeacha nini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuvuka hapo. Umeandikwa kwa darasa la kawaida la sekondari: wanafunzi sitini au themanini, kipindi cha dakika 40, ubao na chaki, na vitabu vinavyosomwa na watu watatu kwa kimoja. Hauhitaji projekta wala intaneti. Unahitaji vipindi vitatu au vinne kwa kifungu kimoja, na hapo ndipo walimu wengi hugoma, kwa kuwa silabasi inakimbia. Lakini kifungu kimoja kilichosomwa mara tatu kwa makini kinafundisha zaidi ya vifungu sita vilivyopitiwa mara moja.

Kwanza, tafuta kifungu kifupi chenye kasoro

Kifungu kizuri kwa kazi hii kina sentensi tano hadi kumi. Kinadai jambo, kina namba au ushahidi wa aina fulani, na kina mahali ambapo mwandishi ameruka. Makala yaliyokamilika kila upande hayafai kwa kuanzia, kwa kuwa mwanafunzi hana pa kushika.

Magazeti ya zamani yanapatikana kokote. Hata lile lililofungia maandazi linatosha. Ukikosa, tunga mwenyewe kwa kutumia takwimu za kweli. Hiki hapa nimekitunga kwa mtindo wa habari za magazetini, na namba zake ni za sensa:

*Dar es Salaam yafurika watu*
*(1) Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yanaonyesha kuwa Dar es Salaam ndio mkoa wenye watu wengi kuliko mikoa yote nchini, ukiwa na watu 5,383,728. (2) Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 4,364,541. (3) Wataalamu wanasema kasi hiyo inatisha. (4) Vijana wanaikimbia mikoa yao kufuata ajira jijini. (5) Hali hiyo imesababisha foleni na uhaba wa maji.*

Kiandike kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, si ubaoni. Ubao utafutwa na mwalimu wa kipindi kinachofuata, ilhali manila utaitundika tena kesho na mwakani. Zipe sentensi namba. Jambo hili dogo lina faida kubwa: badala ya kusema "pale katikati", mwanafunzi atasema "sentensi ya tatu", na darasa zima litaangalia sehemu moja.

Kabla ya kusoma: nani anasema, lini, na kwa nani

Dakika tano tu. Waonyeshe kichwa cha habari na chanzo, ufunike kilichobaki. Waulize: mmeambiwa nini hadi sasa? Mnatarajia kusoma nini? Neno "yafurika" limewaandaa kuhisi nini kabla hamjaona hata namba moja?

Sam Wineburg, mtafiti wa Marekani, aliwahi kulinganisha namna wanahistoria na wanafunzi wa sekondari wanavyosoma nyaraka zilezile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Wanahistoria waliangalia kwanza nani ameandika na wakati gani, ndipo wakaanza kusoma. Wanafunzi walianza na neno la kwanza wakashuka hadi la mwisho, na jina la mwandishi wakalikuta chini kama kitu cha ziada. Tofauti hiyo haitokani na akili. Ni mazoea, na mazoea yanafundishika.

Kwa magazeti yetu, hakikisha wanafunzi wanajua nani anamiliki nini. HabariLeo ni la serikali, Uhuru ni la Chama Cha Mapinduzi, Mwananchi na Nipashe ni ya kampuni binafsi. Usiliache jambo hili likageuka kuwa hukumu. Kujua mmiliki kunakusaidia kuuliza ni habari gani gazeti lingependa kuipa ukurasa wa mbele na ipi lingeisogeza ndani. Hakuthibitishi kwamba sentensi yoyote ni ya uongo.

Usomaji wa kwanza: mwalimu anafikiri kwa sauti

Soma kifungu chote kwa sauti mara moja bila kusimama, wapate picha nzima na wafafanuliwe maneno magumu. Halafu rudi mwanzo, na safari hii sema wazi kile kinachopita kichwani mwako unaposoma. Wanafunzi wengi hawajawahi kuona msomaji mzoefu anafanya nini, maana kazi yenyewe hufanyika kimya.

Inaweza kusikika hivi: "Sentensi ya tatu, 'Wataalamu wanasema kasi hiyo inatisha.' Wataalamu gani? Ngoja nitazame kama wanatajwa mbele. Hawatajwi. Naweka alama ya kuuliza. Halafu, 'kasi hiyo'. Ipi? Narudi nyuma. Sentensi ya kwanza imenipa idadi, ya pili imenipa idadi nyingine. Kasi haijatajwa popote. Mwandishi amesema 'hiyo' kana kwamba tumekwisha kuikubali."

Hapo simama, waache waliangalie. Maneno kama hiyo, huo, hivyo na hali hiyo ndiyo mlango wa nyuma ambao madai mengi hupitia. Yanaelekeza nyuma, na msomaji mvivu hafuati kuona kama kuna kitu kweli. Wape kazi ya kuyatafuta yote kwenye kifungu na kwa kila moja waseme linarejelea nini. Watakuta kwamba "mkoa huo" wa sentensi ya pili ni safi kabisa, na kwamba "hali hiyo" ya sentensi ya tano ina mashaka: ni wingi wa watu, ni kuhama kwa vijana, au ni vyote viwili?

Usifikiri kwa sauti kifungu chote. Sentensi mbili tatu zinatosha, kisha mwite mwanafunzi aendelee. Wa kwanza ataona aibu; muanzishe kwa "Nikisoma hapa najiuliza…" amalizie.

Usomaji wa pili: herufi tatu

Sasa kila sentensi ipewe herufi. K ni jambo la kweli linaloweza kuthibitishwa, yaani kuna mahali tunaweza kwenda kulikagua. M ni maoni. S ni sababu: mwandishi anadai kitu kimoja kimeleta kingine. Kama kitabu ni cha shule, hawataandika humo. Waandike namba ya sentensi na herufi yake pembeni mwa daftari.

Sentensi ya kwanza na ya pili hazina ubishi: K, kwa kuwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha namba hizo. Ya tatu italigawa darasa, na ni vizuri. Wengine watasema K kwa sababu "wamesema wataalamu". Wengine watasema M kwa sababu "inatisha" ni hisia. Waache wabishane, kisha waulize: kama tungetaka kukagua, tungempigia nani simu?

Ya nne ndiyo ninayoipenda. Karibu wote wataiandikia K, kwa kuwa kila mmoja ana kaka au binamu aliyekwenda Dar. Uliza: sentensi ya kwanza na ya pili zinatuambia watu wameongezeka, je, zinatuambia wamehamia au wamezaliwa palepale? Hazituambii. Sentensi ya nne inaweza kuwa kweli, lakini kifungu hiki hakijaionyesha. Mwanafunzi akilielewa hilo, kwamba "inaweza kuwa kweli" na "imethibitishwa hapa" ni mambo mawili, amepata sehemu kubwa ya ujuzi wote huu. Na angalia kitenzi: "wanaikimbia". Mtu hukimbia hatari. Darasa lijaribu kuweka "wanahama", "wanatoka", "wanaiacha", na waseme hisia inabadilikaje.

Waongezee orodha ya maneno ya kushuku katika habari za Kiswahili: inasemekana, imebainika, imeelezwa, inadaiwa, wananchi wengi, baadhi ya wadau. Kauli ya kutendwa ni hodari wa kumficha mtendaji. "Imeelezwa kuwa shule itahamishwa": nani ameeleza? Wakati mwingine kuna sababu halali ya kumficha, kwa mfano mtoa habari anayehofia usalama wake, au "inadaiwa" inapotumika kwa sababu kesi bado iko mahakamani. Wanafunzi walijue hilo pia.

Usomaji wa tatu: ziulizeni namba

Hapa mwombe mwalimu wa hisabati akusaidie, au kopa kikokotoo ofisini. Namba huwatisha wanafunzi wa lugha, nao huziruka. Na mwandishi anajua kwamba zinarukwa.

Anza na kutoa. Kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728 ni ongezeko la watu 1,019,187. Zaidi ya milioni moja, kweli inatisha. Gawanya kwa idadi ya mwaka 2012: ni kama asilimia 23. Sasa uliza swali ambalo kifungu hakikuliuliza: Tanzania nzima je? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni karibu asilimia 37.

Wape muda waione wenyewe. Mkoa "unaofurika" umekua polepole kuliko nchi. Mwaka 2012, katika kila Watanzania mia, takribani 9.7 walikuwa Dar es Salaam. Mwaka 2022 ni 8.7. Namba zote mbili za kwenye kifungu ni za kweli, na picha inayojengwa nazo ina kasoro. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni kitu cha kulinganisha nacho.

Usiishie hapo, maana darasa litaondoka likiamini kwamba Dar haikui. Lete namba ya mkoa jirani. Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 ikawa na 2,024,947. Hilo ni ongezeko la asilimia 84. Tandika ramani na uulize Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo ziko wapi. Mwanafunzi aliyewahi kupanda daladala kutoka Mbezi kwenda Kibaha atakwambia nyumba hazikatiki njiani. Kwa hiyo pengine mji unakua kwa kasi kweli, ila umevuka mpaka wa mkoa, na sensa inahesabu kwa mipaka ya utawala. Mwandishi wetu huenda alihisi jambo sahihi akalitafutia ushahidi usiofaa. Hapo wanafunzi watakuwa wamesoma kifungu kilekile wakakigeuza mara mbili: kwanza wakakiamini, kisha wakakikataa, sasa wanakijadili.

Atakuwepo mmoja mwepesi wa hesabu atakayesema: "Mwalimu, redioni walisema tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mara kumi ni 32, si 37." Mshangilie. Jibu ni kwamba asilimia 3.2 ya kila mwaka inapigwa juu ya watu waliokwisha kuongezeka mwaka uliotangulia, kama riba inavyozaa juu ya riba. Na funzo la kusoma ni kubwa zaidi ya hilo la hesabu: "asilimia 3.2", "asilimia 37" na "watu milioni 16.8" zinaeleza badiliko lilelile. Mwandishi anayetaka ushtuke atachagua moja, na anayetaka utulie atachagua nyingine.

Maandishi mawili juu ya jambo moja

Darasa likishazoea kifungu kimoja, lipe viwili vinavyopishana. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vinafaa sana, kwa kuwa wanafunzi wanavisoma kwenye historia na hesabu ya waliokufa hutofautiana mno. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa kama watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000.

Silika ya mwanafunzi ni kuuliza ipi ndiyo sahihi, ili aikariri. Usimjibu. Mwambie aandike maswali ambayo yangetusaidia kuelewa kwa nini zinapishana. Nani alihesabu, na alikuwa na sababu gani ya kutaka namba iwe ndogo au kubwa? Alihesabu wakati gani, vita ikiendelea au miongo baadaye? Alifika vijijini? Na lililo zito zaidi: "aliyekufa vitani" ni nani? Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata kusini iliua watu wengi sana. Ukihesabu waliopigwa risasi tu unapata namba moja. Ukiongeza waliokufa kwa njaa unapata nyingine kabisa. Hapo wataona kwamba mvutano mara nyingi uko kwenye kinachohesabiwa kabla haujawa kwenye hesabu.

Makundi katika darasa la watu sabini

Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha utafiti juu ya njia ambayo wanafunzi hupokezana kazi ya mwalimu katika kundi dogo. Kuna kazi nne: kufupisha, kuuliza swali, kufafanua palipo pagumu, na kutabiri kinachofuata. Darasa lililojaa si kizuizi. Walioketi dawati la mbele wageuke nyuma, watu wanne wanne, hakuna haja ya kusogeza meza. Kila mmoja ana kazi moja kwa aya moja, kisha kazi zinazunguka.

Kelele zitakuwepo, na mwalimu wa zamu atachungulia dirishani. Mwambie mapema. Wewe pita katikati ya madawati ukisikiliza kitu kimoja tu: je, anayeuliza anauliza swali lenye jibu la kunakili? Akifanya hivyo mrudishie: "Hilo ni swali la masopu. Lete jingine." Baada ya wiki mbili watakuwa wanaambiana wenyewe.

Mwanafunzi anapozidisha shaka

Hatari ya njia hii inakuja mapema. Kijana akigundua kwamba anaweza kumkosoa mwandishi, atatangaza kuwa magazeti yote ni uongo na vitabu vyote vina upendeleo. Huyo hajawa msomaji makini. Ameacha kusoma kwa njia nyingine. Weka sharti: anayekataa dai naye atoe ushahidi, au aseme ni ushahidi gani ungemfanya akubali. Na katika kila kifungu, kabla hajataja kasoro, ataje kwanza jambo moja ambalo mwandishi amelithibitisha vizuri.

Upande wa pili yuko mwanafunzi ambaye hataki kuhoji kabisa, kwa sababu amelelewa kwamba kilichochapishwa ni sawa na kilichosemwa na mkubwa. Ukimuuliza mwandishi amejuaje, atakujibu, "Mwalimu, si kimeandikwa?" Usimcheke. Mtenganishie mtu na dai: kumuuliza mzee ameipata wapi habari si kumvunjia heshima. "Shikamoo, babu, uliyaona mwenyewe au ulisimuliwa?" ni swali lenye adabu zote.

Kuandika, na kusahihisha bila kuugua

Kipindi cha mwisho waandike vitu viwili. Kwanza ufupisho wa maneno yasiyozidi 30, ambao unasema mwandishi amesema nini, bila maoni ya mwanafunzi. Hili ni zoezi la ufupisho walilolizoea kwenye mtihani, kwa hiyo hakuna atakayesema unapoteza muda. Kisha aya moja yenye dai, ushahidi na pengo.

Jibu dhaifu husoma hivi: "Mwandishi ana upendeleo na hakutoa ushahidi wa kutosha." Linaweza kubandikwa kwenye kifungu chochote duniani. Jibu lenye nguvu: "Mwandishi anadai Dar es Salaam imefurika. Ushahidi wake ni idadi za mwaka 2012 na 2022, ambazo ni za kweli, lakini hakuzilinganisha na ongezeko la nchi nzima, ambalo ni kubwa zaidi." Andika yote mawili ubaoni na uwaulize tofauti ni nini kabla hawajaanza kuandika.

Madaftari sabini hayasahihishiki kwa jioni moja. Sahihisha sentensi moja tu, ile ya pengo, kwa alama mbili: moja kama ametaja sentensi namba ngapi, ya pili kama pengo alilotaja lipo kweli. Ufupisho wabadilishane na jirani, wahesabu maneno wenyewe.

Wiki zinazofuata

Baada ya habari fupi, nenda kwenye tahariri, ambamo maoni yamekaa wazi. Kisha kikaratasi cha ndani ya pakiti ya dawa, ambacho kinadai usahihi wa kila neno: "mara mbili kwa siku" ni kila baada ya saa ngapi? Kisha masharti ya mkopo wa simu, hasa pale ada inapotajwa kwa siku na si kwa mwaka. Wapige hesabu ya mwaka mzima na hutahitaji kuwaeleza kwa nini kusoma namba kuna maana. Halafu ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "Tafadhali sambaza": chanzo hakuna, tarehe hakuna, na K zinakuwa chache sana.

Kitabu cha kiada kiwe cha mwisho, kwa kuwa hapo ndipo mamlaka ya maandishi ni mazito na mwanafunzi ana cha kupoteza kwenye mtihani. Chagua aya moja ya historia au jiografia, mpe mwalimu wa somo hilo taarifa, ikiwezekana aje darasani. Waandike herufi zao K, M na S kama kawaida, na kwa kila K waseme wangeikagua wapi.